Kabla TV haijapanda ukutani: kuunganisha ving'amuzi, deki, gemu na kompyuta kwenye skrini moja

Kazi nyingi ninazoitiwa Mwanga, Katubuka na Gungu, hapa Kigoma, hazihusu TV mbovu. Nakuta TV nzima, imefungwa ukutani ikanyooka, king'amuzi kinaonyesha. Shida inaanza pale kinapoingia kitu cha pili: kijana kaletewa PlayStation na mjomba wake, baba anataka kamera za getini zionekane sebuleni, bibi ana DVD za harusi za wanawe wote. Ndipo watu wanagundua kwamba matundu yako mgongoni mwa TV, kati ya mgongo na ukuta vinapita vidole viwili tu, na hakuna mkono wa mtu mzima unaofika. Wanaamua kuishusha. Skrini ya inchi 55 ikishushwa kwa haraka na watu wawili wasioelewana nani aanze kuinua, kioo kinapasuka, na kubadilisha kioo ni karibu sawa na kununua TV nyingine.

Nauandika mwongozo huu hasa kwa ambaye bado hajatoboa ukuta. Aliyekwisha kutoboa naye asome, sehemu ya swichi itamfaa. Ninachosisitiza kwa kila mteja ni hiki: unganisha na ujaribu kila kitu TV ikiwa bado chini, na nyaya zote ziishie kwenye kabati lililo chini ya TV. Ikishapanda, asiwepo mtu mwenye sababu ya kuigusa mgongoni tena.

Kaa chini na karatasi

Andika kila kifaa kitakacholeta picha, pamoja na unachotarajia kununua mwakani. Nitatumia mfano wa mama mmoja wa Katubuka anayeuza mawese na dagaa kwa jumla, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na karibu kila kitu. Alikuwa na king'amuzi cha Azam kwa ajili ya ligi ya nyumbani, king'amuzi cha DStv cha mumewe, deki ya DVD ya zamani, PlayStation 4 ya kijana, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, kompyuta mpakato ya binti anayerudi likizo kutoka chuo, na sabufa. TV yake ya inchi 50 ilikuwa na matundu matatu ya HDMI, mawili ya USB, moja la AV na la antena. Vifaa sita vya picha, HDMI tatu. Hesabu haikubali, na ni bora ikukatae ungali na karatasi mkononi kuliko ikukatae fundi ameshaziba ukuta kwa plasta.

Sasa ujue kila tundu linafanya nini. HDMI, iliyoanza mwaka 2002, inabeba picha na sauti kwenye waya mmoja wenye pini 19. Hiyo ndiyo njia ya kwanza kwa kifaa chochote cha kisasa. USB ya TV inasoma flashi na kutoa umeme mdogo wa volti 5, basi. Nimeona watu wanachomeka waya wa kuchajia simu kwenye USB ya TV wakisubiri picha ya simu itokee. Haitokei kwa njia hiyo. Simu nyingi za Android na iPhone zinarusha picha kwa Wi-Fi kama TV yako ni smart, na hapo huhitaji waya wala tundu, kwa hiyo simu usiihesabu kabisa.

AV ni ile ya vichwa vitatu: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti ya kushoto na kulia. Hapa TV mpya zinawachanganya watu. Baadhi hazina tundu la njano, zina la kijani. Angalia maandishi madogo pembeni yake. Mara nyingi tundu hilo la kijani linapokea pia ile njano ya deki. Nyingine zina kitundu kimoja kidogo cha duara kama cha spika za masikioni, kimeandikwa AV IN, na kwenye boksi kuna waya mfupi wa kugawa. Waya huo usiutupe pamoja na makaratasi. Ukinunua mwingine dukani unaweza kukuta mpangilio wake wa ndani ni tofauti: unachomeka njano kwenye njano, unapata kelele badala ya picha. Jaribu kuhamisha ile njano ya deki kwenye kichwa chekundu cha waya wa kugawa. Picha ikitokea, umejua mpangilio ulivyo, weka alama kwa tepu uendelee.

VGA, lile la bluu lenye pini 15 kwenye kompyuta za zamani, linabeba picha peke yake. Sauti utaipitisha kwa waya mwingine.

Nani apate tundu lipi

Siyo kila HDMI ya TV ni sawa na mwenzake. Geuza TV uilaze kifudifudi juu ya godoro au blanketi lililokunjwa, usome maandishi. Mara nyingi moja litakuwa na neno ARC. Hilo linapokea picha na pia linarudisha sauti ya TV kwenda kwenye spika, jambo lililoingia na toleo la 1.4 la HDMI mwaka 2009. Kama una spika ndefu ya chini ya TV yenye HDMI, hilo ni tundu lake, usimpe mwingine. Kama sabufa yako ni zile za kawaida zenye nyekundu na nyeupe tu nyuma, ARC haikusaidii kitu. Utatoa sauti kwenye tundu la spika za masikioni la TV kwa waya wenye kichwa kidogo upande mmoja na nyekundu na nyeupe upande wa pili. TV isipokuwa na tundu hilo, angalia kama ina la sauti ya mwanga, lililoandikwa OPTICAL. Utanunua kikasha kidogo cha kubadilisha, halafu ndani ya mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM. Usipochagua PCM, chaneli za sauti ya kawaida zitasikika na filamu zenye Dolby zitakuwa bubu, na utadhani kikasha ni kibovu.

PlayStation napenda ichomekwe moja kwa moja kwenye TV bila kupitia chochote. Mchezaji anabonyeza na anataka kuona papo hapo. PS4 ya kawaida inatoa 1080p, tundu lolote linaitosha. Mwenye PS5 na TV ya 4K atafute tundu lenye alama ya 4K 120 kama lipo, kisha aingie kwenye mipangilio ya TV awashe uwezo kamili wa tundu hilo, maana TV nyingi zinatoka kiwandani umezimwa. Kwenye Samsung unaitwa Input Signal Plus, kwenye LG una maneno Deep Colour. Na hali ya gemu iwashwe kwa tundu hilo peke yake.

Vilivyobaki, yaani ving'amuzi, kamera na kompyuta, vinakwenda kwenye swichi.

Swichi na splita

Dukani omba kwa jina sahihi, kwa sababu vikasha hivi viwili vinafanana sura na bei. Swichi ya HDMI inapokea vifaa vingi na kutoa waya mmoja kwenda kwenye TV. Splita inapokea kifaa kimoja na kutoa kwenda TV mbili au zaidi, kama wanavyofanya wenye vibanda umiza wanaotaka mechi moja ionekane pande zote mbili za ukumbi. Soma kwenye kikasha chenyewe: swichi ina INPUT nyingi na OUTPUT moja. Splita ni kinyume. Ukikosa Mwanga ukaagiza Dar, kifaa kinakuja na basi na kukirudisha ni safari nyingine, hivyo mtumie muuzaji picha ya upande wenye matundu kabla hujalipa.

Chukua yenye rimoti, yenye matundu mengi kuliko unayohitaji leo, na yenye umeme wake. Vile vidogo visivyo na umeme vinategemea nguvu ya volti 5 kutoka kwenye vifaa vyenyewe. Waya ukiwa mrefu kidogo picha inaanza kukatika. Halafu kuna suala la swichi zinazojichagulia zenyewe. Zinaruka kwenda kwenye kifaa chochote kinachotoa ile volti 5. King'amuzi kilichozimwa kwa rimoti mara nyingi bado kinaitoa, kwa hiyo swichi inang'ang'ania king'amuzi kilicholala huku wewe unataka kompyuta. Ukiwa nayo, tumia kitufe au rimoti yake kuchagua, au zima king'amuzi kwenye soketi.

Kwa mama wa Katubuka niliweka swichi ya matundu matano kabatini. Azam, DStv, kamera, na waya mmoja mtupu wa kompyuta unaotokeza mbele ya kabati ili binti asiwe anapiga magoti kutafuta tundu. La tano likabaki kwa deki.

Deki hiyo ilikuwa na AV tu. Ingeweza kwenda kwenye AV ya TV, lakini hiyo ingemaanisha waya mwingine mnene kupanda ukutani, kwa hiyo nikatumia kikasha cha kugeuza AV kuwa HDMI. Kinauzwa cha namna mbili na kuna tofauti ya mwelekeo: kilichoandikwa AV2HDMI ndicho cha deki kwenda TV mpya, HDMI2AV ni cha king'amuzi kipya kwenda TV ya kichogo. Ukichanganya hupati kitu. Kinahitaji umeme wa USB, na kinatakiwa kiupate muda wote.

Mteja lazima aambiwe ukweli kuhusu picha atakayoipata. DVD ya mfumo wetu wa PAL ina nukta 720 kwa 576. Skrini ya 1080p ina 1920 kwa 1080, ambayo ni mara tano kamili ya hizo. Maana yake TV inachukua nukta moja ya harusi ya mwaka ule na kuitandaza kwenye nafasi ya nukta tano, na hakuna waya wa bei yoyote utakaorudisha nukta ambazo kamera haikuzichukua. VCD ni ndogo zaidi, 352 kwa 288. Kinachosaidia kweli ni kuweka umbo la picha kuwa 4:3 ili bi harusi asinenepe, na kupunguza ukali wa picha, ule unaoitwa sharpness, hadi karibu na sifuri kwa tundu hilo. Ukali ukiwa juu, kila chengachenga inachorwa mpaka. Ukishushwa, nyuso zinatulia, na kwa mtu anayemtazama marehemu mumewe akicheza taarabu kwenye skrini, hilo si jambo dogo. Nachukua muda wangu pale.

Ukuta na bomba

Kama nyumba bado inajengwa, una bahati. Mwambie fundi umeme alaze bomba kutoka nyuma ya TV hadi kabatini kabla ya plasta. Wengi wanalaza lile la milimita 20 la nyaya za umeme. Kichwa cha waya wa HDMI kina upana unaozidi sentimita 2 pamoja na plastiki yake, na ndani ya bomba la 20 nafasi ni pungufu ya hapo. Hakipiti, hata ukikisukuma kwa sabuni. Weka bomba la inchi moja na nusu au mbili. Usitumie elbo kali ya nyuzi 90; tumia bendi ndefu, au elbo mbili za nyuzi 45 zenye kipande cha bomba katikati. Acha ndani kamba ya manila yenye fundo pande zote mbili, na kila unapovuta waya mpya, vuta na kamba nyingine pamoja nao.

Waya wa umeme wa TV uwe na bomba lake peke yake, na soketi yake ifichwe nyuma ya TV juu kidogo ya bomba la nyaya. Usichanganye umeme wa volti 230 na nyaya za picha kwenye bomba moja.

Nyumba iliyokwisha hamiwa haina haja ya kukatwa kwa grainda. Ule mfereji wa plastiki wenye mfuniko, unaobandikwa juu ya ukuta na kupakwa rangi ileile, unatosha. Nunua mpana. Ndani yake utapitisha HDMI tatu, sauti, na antena.

Upande wa kuta, Kigoma haina namna moja. Kwenye tofali za saruji au za kuchoma zilizoiva vizuri, toboa milimita 10, ingiza fisha ya plastiki, funga bolti, na braketi inakaa. Ujiji zipo nyumba nyingi za zamani ambazo nje unaona plasta ya saruji safi na ndani ni tofali mbichi au udongo. Drili itakuambia: ikishapita plasta inazama bila kusukumwa na kinachotoka ni vumbi jekundu laini. Simama hapo. Fisha kwenye udongo inashika wiki chache halafu inaanza kulegea taratibu. Ninachofanya ni ubao wa mninga wenye unene wa sentimita 4 hivi, mpana kuliko braketi, unaofungwa kwa bolti ndefu zinazotokea upande wa pili wa ukuta na kukazwa kwa nati juu ya kipande cha bati nene. Kama ukuta wa pili ni chumba cha watu, chimba matundu makubwa, yajaze zege yenye bolti ndani, uache siku saba zikomae. Na kwa ukuta wa namna hiyo kataa braketi ya mkono unaovutwa mbele. Uzito ukitoka nje ya ukuta unavuta bolti za juu kwa nguvu nyingi kuliko TV ikiwa imeegama.

Kwa ukuta imara, ningependa kila mtu anunue ile ya mkono, hata kwa bei ya juu kidogo. Inakupa nafasi ya kuingiza mkono. Pima umbali wa matundu ya mgongo wa TV kabla ya kununua, milimita 200 kwa 200 au 400 kwa 400 ndiyo ya kawaida, na hakikisha skrubu zinazoingia mgongoni siyo ndefu kupita kiasi, maana ikigota ndani inaweza kusukuma skrini.

Urefu kutoka chini: watu wanapandisha mno, kana kwamba ni picha ya ofisini. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako kama mita moja na kitu kutoka sakafuni. Skrini ya inchi 50 ina kimo cha sentimita 62, kwa hiyo ukingo wa chini ukiwa sentimita 75 hadi 90 shingo haitaumia. Weka pima maji kabla ya kukaza.

Nyaya zenyewe

Kutoka kabatini hadi kwenye TV mita 3 kwa kawaida zinatosha, na kwa urefu huo waya wa HDMI wa kawaida ulio mzima unafanya kazi yote. Kwa 4K usipende kuzidi mita 5 kwa waya usio na kikuza mawimbi. Kwa 1080p unaweza kufika 10. Mashine ya kamera kwa mama wa Katubuka ilikuwa stoo, mbali na sebule. Kwa umbali kama huo natumia vile vikasha viwili vinavyopitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6, ambavyo vya kawaida vinabeba 1080p hadi mita 50 au 60. Waya wa mtandao unapita hata kwenye bomba dogo, vichwa unavibana mwenyewe mwishoni.

Andika kila waya pande zote mbili. Kipande cha tepu ya karatasi, kalamu ya wino usiofutika: AZAM, DSTV, GEMU, KAMERA. Ukiandika upande mmoja tu umefanya nusu ya kazi.

Kuhusu nyaya za madishi, kila king'amuzi kiwe na waya wake kutoka juu. Huku kwetu dishi la Azam linatazama magharibi, upande wa ziwa na Kongo, kwa kuwa satelaiti yake ya Eutelsat iko nyuzi 7 mashariki nasi tuko karibu nyuzi 30. La DStv, nyuzi 36, linatazama karibu utosini. Kwa hiyo kabla hujaamua nyaya ziingilie dirisha gani, angalia mwembe ulio karibu na nyumba upande wa magharibi na urefu utakaofikia.

Umeme na radi

Zima kila kitu kwenye soketi kabla ya kuchomeka au kuchomoa HDMI. Nasema soketi, siyo rimoti. Vifaa vingi vyenye plagi ya pini mbili vinavujisha umeme mdogo kwenye mwili wake. Ukishika waya wa dishi kwa mkono mmoja na king'amuzi kwa mwingine unausikia ukikuchoma vidole. Wewe hutadhurika nao sana, lakini chipu ya HDMI ni laini, na tundu lililoungua halitengenezwi kirahisi.

Mvua zikianza, radi za ziwani hazitanii. Kilinda umeme ukiwe nacho, kinasaidia umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Ila radi inaweza kuingia kwa njia nyingine, ya dishi: inashuka kwenye waya, inapita king'amuzi, inaingia HDMI, inaua TV ambayo plagi yake ilikuwa imechomolewa. Ndiyo maana nataka nyaya za madishi ziishie mbele ya kabati, mahali hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuzifungua kwa mkono mawingu yakitanda.

Jaribu TV ikiwa bado chini

Iegemeze TV kwenye kochi, vaa uvumilivu, unganisha kila kitu kama kitakavyokuwa, na nyaya zilezile zitakazopita ukutani. Washa kifaa kimoja baada ya kingine. Kwenye rimoti ya TV bonyeza SOURCE au INPUT, chagua tundu, na hapohapo libadilishe jina. TV nyingi zinaruhusu. Mtu mzima asiyetaka kukumbuka kwamba HDMI 2 ni gemu atasoma GEMU.

Kila king'amuzi kiingie kwenye mipangilio yake na kiwekwe 1080, maana kingine kinatoka na 576 na mtu anaangalia mwaka mzima picha hafifu kwenye TV nzuri. Kama kingo za picha zinakatwa, alama ya matokeo ya mpira haionekani pembeni, tafuta kwenye TV Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana na hilo. Kompyuta ya Windows ikigoma, shika kitufe cha Windows pamoja na P, chagua picha ijirudie kwenye skrini zote mbili, kisha kwenye alama ya spika chagua sauti itokee TV. Kompyuta yenye USB-C peke yake siyo zote zinatoa picha kupitia hapo. Jaribu kabla hujanunua waya.

Kuna kitu kinaitwa CEC, ambacho Samsung wanakiita Anynet+, LG Simplink na Sony Bravia Sync. Kinawezesha rimoti moja kuamrisha vifaa vingine. Kwenye nyumba yenye kifaa kimoja ni kizuri. Kwenye nyumba yenye sita na swichi katikati, kinaweza kuleta vurugu: mtu anazima TV na gemu ya kijana inazimika katikati ya mashindano. Mimi nakizima kwa gemu, nakiacha kwa spika ya ARC inayokihitaji.

Acha vyote vifanye kazi kwa muda mrefu, mechi nzima ikiwezekana. Waya mbovu mara nyingi haugomi mwanzoni. Unaanza kutoa vimulimuli vyeupe au picha kupotea sekunde moja na kurudi baada ya vifaa kupata joto. Ukiuona wakati huu, unaubadilisha kwa dakika moja.

Baada ya hapo ndipo mnaipandisha, watu wawili, na wa tatu wa kupokea nyaya. Kabla ya kuiachia kwenye braketi, pitisha waya mmoja wa HDMI wa ziada kwenye tundu lililobaki, ushuke nao hadi kabatini, ufunike kichwa chake kwa mfuko mdogo wa nailoni dhidi ya vumbi. Kwa mama wa Katubuka matundu yalikuwa matatu: gemu, swichi, na huo wa akiba. Tundu la USB nalo lishushiwe waya wa kurefusha, ili flashi ichomekwe chini bila mtu kupanda kiti.

Siku picha ikipotea, usianze na ngazi. Angalia TV iko kwenye tundu gani, kisha taa ya swichi iko namba ngapi, kisha zima kifaa kwenye soketi, subiri kidogo, uwashe TV kwanza, kisha swichi, kifaa mwisho, ili vitambulishane upya. Ikishindikana, chomeka kifaa hicho kwenye ule waya wa akiba. Kikionyesha, kibovu ni swichi au waya wake, na vyote viwili viko kabatini.